Ethiopia Ingekuwa na Hawker Fury Mwaka 1935, Ingekuwaje?

Leo swali ni moja tu: Mussolini alipoivamia Ethiopia mwaka 1935, Ethiopia ingekuwa na ndege za kivita za maana, ingekuwaje?

Najua wengine mtajibu haraka, "Wangeshinda." Wengine mtasema, "Zii, wangepigwa tu, Italia ilikuwa na kila kitu." Mimi sikutaka kujibu kwa mdomo. Nilijibu kwa plastiki, gundi na msasa. Nilijenga modeli ya ndege ya Uingereza inayoitwa Hawker Fury, halafu nikaigeuza kidogo kidogo mpaka ikawa ndege ambayo jeshi la Haile Selassie lingeweza kuwa nayo. Na kila nilipotaka kubadilisha kitu, historia ilinishika mkono ikaniuliza: hii umeitoa wapi? Nani amekuuzia? Imepita bandari gani?

Hiyo ndiyo stori ya leo. Kaeni nayo, ni ndefu kiasi.

Ndege za ghorofa

Kwanza tuelewane kuhusu ndege zenyewe. Kati ya vita viwili vya dunia, ndege nyingi za kivita zilikuwa na bawa la juu na bawa la chini. Mimi huziita ndege za ghorofa.

Kwa nini walizijenga hivyo? Injini za wakati huo hazikuwa na nguvu nyingi, na wahandisi walitaka bawa jepesi ambalo halitavunjika rubani akipinda kwa nguvu. Ukichukua mabawa mawili membamba, ukayaunganisha kwa nguzo, halafu ukayakaza na waya zinazokatizana, unapata kitu kama daraja la chuma: jepesi lakini gumu. Na kila waya ina kazi yake. Kuna zinazobeba mzigo ndege ikiwa hewani, na kuna zinazozuia mabawa kulegea ndege ikiwa imetua. Shida ni kwamba hizo nguzo na waya zote zinapigana na hewa. Ndege ikitaka kukimbia sana, ni kama kuna mtu ameishika shati kwa nyuma.

Fury ilikuwa mrembo wa ghorofa zote, na hapo sitaki ubishi. Ilichorwa na Sydney Camm, ikaingia kwenye jeshi la anga la Uingereza mwaka 1931. Ilikuwa na injini ya Rolls-Royce Kestrel yenye silinda 12, pua imechongoka kama penseli, na bunduki 2 za rashasha zikipiga katikati ya propela. Ilikuwa ndege ya kwanza kazini katika jeshi hilo kupita maili 200 kwa saa, yaani kama kilomita 322. Leo hiyo unaweza kuiona ni kidogo, lakini wakati huo ilikuwa habari kubwa.

Sasa cheki hii. Mwaka 1936, kampuni moja ya Uingereza iliyokuwa ikiuza ndege za kuchezea zinazoruka kwa jina la Frog ilianza kuuza aina mpya. Hizi hazikuruka. Zilikuwa vipande vya plastiki vya kuunganisha nyumbani, kila kitu kimepunguzwa mara 72. Kwa sababu haziruki, wakaziita Penguin, kama yule ndege wa baharini asiyepaa. Hizo ndizo seti za kwanza za plastiki za aina hii duniani, na kati ya zile 3 za mwanzo, moja ilikuwa Hawker Fury na nyingine Gloster Gladiator, ndege ya ghorofa pia. Ukubwa huo wa 1 kwa 72 ndio tunatumia mpaka leo. Fury halisi ina mabawa ya mita 9.14. Gawanya kwa 72, unapata sentimita 12.7. Inakaa kwenye kiganja.

Kwa hivyo mtu akikuambia hii ni hobi ya wazee wanaokumbuka Vita vya Pili, mwambie hobi yenyewe ilianza kabla ya vita hivyo, na ilianza na ndege za ghorofa.

Mchezo wa "ingekuwaje"

Watu wengi wanaojenga modeli wanataka ukweli mtupu. Ndege fulani, kikosi fulani, tarehe fulani, rangi ileile. Nawaheshimu. Lakini kuna kundi lingine, na mimi ni mmoja wao, tunaojenga ndege ambazo hazikuwahi kuwepo. Unachukua seti ya kawaida, unabadilisha injini, unaongeza hiki, unatoa kile, unaipaka rangi za nchi ambayo haikuwahi kuimiliki. Ni modeli za "ingekuwaje".

Kuna wanaodharau huu mchezo. Wanasema ni kuota mchana. Lakini ukiangalia historia ya ndege za ghorofa, wahandisi wenyewe walikuwa wanaota kutushinda. Wamarekani walikuwa na kindege kinachoitwa Curtiss Sparrowhawk. Hicho kilibebwa ndani ya tumbo la meli kubwa za angani zilizojaa gesi ya hilium, Akron na Macon. Kilikuwa na ndoano juu ya bawa. Rubani akimaliza kazi anarudi, ananing'inia kwenye chuma huku meli inaendelea na safari, halafu anavutwa ndani. Wakati mwingine waliving'oa magurudumu kabisa, wakaweka tangi la mafuta, maana kwani utatua wapi? Akron ilianguka 1933, Macon 1935, na stori ikaishia hapo. Wasovieti nao mwaka 1940 walirusha ndege ambayo bawa lake la chini lilijikunja likiwa angani, ghorofa ikawa nyumba ya chini. Ningewaonyesha modeli hizo bila maelezo, mngesema nimezidisha.

Na Camm mwenyewe alicheza "ingekuwaje". Alikaa na Fury yake akajiuliza: nikitoa bawa moja? Wazo hilo lilianza likiitwa Fury ya bawa moja, na lilipokomaa likawa Hurricane, ile ndege iliyokuja kubeba mzigo mkubwa wa kuilinda Uingereza mwaka 1940. Hurricane ya kwanza iliruka tarehe 6 Novemba 1935.

Shikeni hiyo tarehe. Wakati huo Ethiopia ilikuwa imeshapigwa mabomu kwa mwezi mzima.

Kwa hivyo mimi nina sheria moja tu: kila mabadiliko lazima yawe na sababu. Huwezi kuweka injini fulani kwa sababu inakaa poa. Lazima ungeweza kuipata, ungeweza kuilipia, na fundi angeweza kuitengeneza pale ilipo. Bila sheria hiyo ni kupaka rangi tu.

Ndege gani sasa?

Wazo langu la kwanza lilikuwa Gladiator, kwa sababu ina bunduki 4 na rubani amefunikwa na kioo. Lakini Gladiator iliingia kazini 1937. Italia ilivuka mpaka tarehe 3 Oktoba 1935, na Addis Ababa ikaanguka tarehe 5 Mei 1936. Gladiator ingefika kwa matanga. Ikatoka kwenye orodha.

Fury ilikuwepo. Na si kuwepo tu, ilikuwa inauzwa nje. Yugoslavia walinunua. Ureno walinunua. Uajemi, hiyo Iran ya leo, pia walinunua, na hao ndio walionifungua macho. Fury za Uajemi hazikuwa na ile pua ya penseli. Zilikuwa na injini ya mviringo ya Kimarekani, Pratt & Whitney Hornet, ile ambayo silinda zimepangwa duara kama petali za alizeti na zinapoozwa na upepo tu. Baadaye zingine zikaja na injini ya Bristol Mercury, ya mviringo vilevile.

Kwa Ethiopia hiyo ina maana kubwa. Kestrel inapoozwa kwa maji yanayozunguka kwenye mabomba na rejeta iliyoning'inia chini ya tumbo. Risasi moja ikitoboa rejeta, injini inachemka, mchezo umeisha. Bomba likivuja ukiwa kwenye uwanja wa nyasi kule Dessie, unaagiza spea kutoka wapi? Injini ya upepo haina maji, haina rejeta, haina mabomba ya kuvuja. Mtu yeyote aliyewahi kuona matatu imefungua boneti kando ya barabara ikitoa mvuke anajua naongelea nini.

Kwa hivyo Fury yangu ya Ethiopia ingekuwa na pua ya Uajemi.

Kukata pua

Hapa ndipo kazi ilipo. Seti za modeli hapa kwetu hazipatikani kila duka, kwa hivyo nyingi za kwangu ni za mkono wa pili. Fury nilianza na seti ya zamani ya Matchbox, kampuni iliyoanza kutoa ndege za kuunganisha mwaka 1973, na Fury ilikuwa kati ya za kwanza kabisa. Injini niliitoa kwenye mabaki ya Gladiator, kwa sababu Gladiator ilitumia Mercury, na kuna Fury za Uajemi zilizotumia hiyohiyo. Unaona? Sababu ipo.

Unakata pua kwa msumeno mwembamba, polepole, mbele ya mahali bawa la chini linaanzia. Halafu unagundua tatizo ambalo wahandisi wa Hawker nao lazima walikutana nalo: mwili wa Fury ni mwembamba, injini ya mviringo ni pana. Ukiziunganisha hivi hivi inakaa kama mtu mwembamba amevaa kofia ya baba yake. Lazima ujaze ubavu kwa vipande vya plastiki, uweke pati ya kuziba nyufa, usubiri ikauke, upige msasa, ujaze tena, upige msasa tena. Mimi nilirudia mara nne ndipo umbo la mviringo likaingia kwenye mwili mwembamba bila bonde.

Kisha magurudumu. Fury ilizaliwa kwa viwanja laini vya Uingereza. Nyanda za juu za Ethiopia zina mawe, na mvua ikinyesha ni tope. Nikaweka magurudumu manene zaidi kutoka kwenye sanduku langu la mabaki.

Bawa la juu ndilo linawatoa watu machozi. Nguzo ni nyembamba kama njiti, na zote lazima zikubaliane wakati mmoja. Mimi hukata kadibodi ya kushikilia mabawa kwa umbali sawa, naweka gundi tone moja moja, halafu naenda kufanya mambo mengine mpaka kesho. Na waya? Watu wa nje hununua nyuzi maalum. Mimi natumia unyuzi mmoja mmoja wa nywele za kusuka. Paketi moja inatosha ndege za miaka kumi, na ukipunguza waya halisi mara 72, wembamba wake unakaribia huohuo.

Mwisho ni rangi. Kitambaa cha mabawa fedha, kama Fury zingine za wakati huo. Kwenye mabawa nikachora duara za kijani, njano na nyekundu, na kwenye mkia simba wa Yuda. Hiyo ilichukua jioni moja tu.

Na hapo ndipo nilisimama. Kupaka bendera kulikuwa rahisi kuliko kitu kingine chote. Ndege ilikuwa tayari, imependeza. Lakini swali langu lilikuwa bado halijajibiwa hata robo.

Nani angeirusha?

Watu wengi wanafikiri Ethiopia haikuwa na jeshi la anga kabisa. Ilikuwa nalo. Ndege za kwanza zilifika mwaka 1929, Potez 25 za Ufaransa, za ghorofa pia, lakini za upelelezi, si za kukimbizana angani. Mwaka uliofuata nchi ilikuwa na marubani wake wa kwanza, Mishka Babitcheff na Asfaw Ali. Mwaka 1935 walijenga hata ndege yao ndogo pale Addis Ababa wakishirikiana na mhandisi Mjerumani, Ludwig Weber. Wakaiita Tsehay, jina la binti wa mfalme. Waitaliano waliichukua, na ilirudishwa Ethiopia Januari 2024. Ndiyo, juzi tu.

Halafu kuna John Robinson. Huyu ni Mmarekani mweusi, amekulia Mississippi, akaenda Chicago kutafuta kujifunza urubani wakati ambapo shule za ndege hazikutaka watu weusi. Akaingia shule moja kama mfanyakazi wa usafi, akawa anasikiliza masomo akifagia, mpaka wakamkubali, na baadaye akafundisha. Mwaka 1935 aliacha kila kitu akaenda Ethiopia, na akapewa kuongoza jeshi la anga la Haile Selassie. Siku ya kwanza ya vita, Adwa ikipigwa mabomu, alikuwa huko. Vita vyote alikuwa akiruka kati ya Addis Ababa na mstari wa mbele kwa ndege isiyoweza kupigana, amebeba barua na watu, akijificha kwenye mawingu na mabonde.

Kwa hivyo mtu wa kwanza wa kukaa ndani ya Fury yangu yupo, na ana jina. Lakini jeshi zima lilikuwa na ndege kama dazeni moja hivi, na marubani wa kuhesabu kwa vidole. Rubani wa ndege ya kivita hafundishwi kwa wiki mbili. Ukitaka kikosi cha Fury kiwe tayari Oktoba 1935, vijana walitakiwa kuanza mafunzo miaka kadhaa nyuma. Na fundi wa injini pia. Na fundi wa bunduki.

Petroli nayo?

Chukua ramani. Fury iliundwa kupaa haraka, kupiga, na kurudi chini. Mafuta yake yaliipeleka kama kilomita 490 kwa jumla. Kutoka Addis Ababa hadi Maychew, ambapo vita vikubwa vya mwisho vilipiganwa tarehe 31 Machi 1936, ni zaidi ya kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Ungefika. Kurudi, sahau. Kwa hivyo kikosi lazima kingekaa Dessie, karibu nusu ya njia. Na petroli ya Dessie inafikaje? Kwa meli hadi Djibouti, kwa reli hadi Addis Ababa, halafu kwa malori na nyumbu kupanda milima. Djibouti na reli ilikuwa mikononi mwa Ufaransa. Ethiopia haikuwa na bahari.

Yaani kabla propela haijazunguka hata mara moja, Paris lazima iwe imesema ndiyo.

Na nani angewauzia?

Hili ndilo swali lililoniuma zaidi. Fury ilitengenezwa Uingereza, na huwezi kutoa ndege ya kivita Uingereza bila kibali cha serikali. Katikati ya mwaka 1935, wakati dunia nzima ilikuwa inaona meli za Italia zikipita Suez zimejaa wanajeshi, Uingereza iliacha kutoa vibali vya silaha kwa pande zote mbili, Italia na Ethiopia. Pande zote mbili, sawa kwa sawa. Inasikika haki, si ndiyo? Ila Italia ilikuwa na viwanda vyake vya Fiat na Caproni, na Ethiopia haikuwa na kiwanda cha bunduki cha kutegemea. Ukiwanyima chakula mtu mwenye shamba na mtu asiye na shamba, umemnyima mmoja tu. Marufuku dhidi ya Ethiopia ilipoondolewa, vita vilikuwa vimeshaanza.

Ethiopia ilikuwa mwanachama wa Shirikisho la Mataifa tangu 1923. Shirikisho liliiwekea Italia vikwazo Novemba 1935, lakini mafuta hayakuwekwa kwenye vikwazo, na mfereji wa Suez haukufungwa. Ndege za Italia ziliendelea kunywa.

Na ndege hizo zilifanya nini? Tarehe 6 Desemba 1935 zilipiga Dessie, mfalme mwenyewe akiwa pale, na hospitali ya Msalaba Mwekundu ikapigwa pia. Kuanzia mwezi huohuo zikaanza kumwaga gesi ya haradali, sumu inayobabua ngozi na mapafu, juu ya askari na wanavijiji. Italia yenyewe ilikuwa imetia saini mkataba wa Geneva wa 1925 unaokataza gesi. Haile Selassie alisimama Geneva tarehe 30 Juni 1936 akaiambia dunia yote hayo. Dunia ikasikiliza, ikaendelea na shughuli zake.

Sasa hapo ndipo Fury ina jambo la kusema. Ndege za mabomu za Italia kama Caproni Ca.133 zilikuwa nzito na za polepole, hazikufika hata kilomita 280 kwa saa. Ziliruka chini, kwa starehe, kwa sababu hakukuwa na kitu cha kuzikimbiza. Fury ingezifikia. Hata Fury ya pua pana.

Je, ingebadilisha matokeo? Mimi nasema hapana, si kwa ndege kumi na mbili. Italia ilikuwa na mamia ya ndege na ingeleta za kwake za kivita kuzisindikiza hizo Caproni. Lakini rubani wa Caproni anayejua kuna Fury Dessie hamwagi gesi kwa utulivu akiwa chini vile. Anapanda juu, anakosea shabaha, anasubiri kusindikizwa. Kuna kijiji kinapona siku hiyo. Kuna safu ya watu inavuka mto kabla hawajaonekana. Si ushindi wa vita, lakini kwa mtu aliye kwenye hiyo safu, ni maisha yake yote.

Halafu Fury zikaja kweli

Hii sehemu ndiyo ilinifanya niandike leo.

Italia ilipoingia Vita vya Pili tarehe 10 Juni 1940, ghafla Ethiopia iliyokaliwa na Italia ilikuwa jirani hatari wa koloni la Uingereza, yaani hapa Kenya. Siku 3 baadaye, ndege za Caproni zikapiga Wajir. Julai, Moyale ikachukuliwa. Na nani aliletwa kulinda anga letu? Jeshi la anga la Afrika Kusini, na kati ya ndege walizokuja nazo zilikuwemo Hawker Fury. Nyingine zilikuwa zimeshatumika Uingereza, ambako kufikia 1939 zilikuwa zimetolewa kwenye vikosi vya mstari wa mbele. Zilizeeka, zikaachwa nyuma na teknolojia, lakini zikapata kibali, meli, petroli, mafundi na spea. Uwanja wa Eastleigh ukawa kituo kikubwa cha ndege za kivita. Ukipita Moi Air Base leo, ni hapo.

Na marubani wake walikuwa weupe. Waafrika weusi wa King's African Rifles walikuwa chini, kwa miguu na malori, wakitembea kutoka Kenya kupitia Somalia mpaka Ethiopia. Kismayu, Mogadishu, Harar, na tarehe 6 Aprili 1941 Addis Ababa. Haile Selassie akaingia mjini tarehe 5 Mei 1941, miaka 5 kamili tangu Waitaliano walipouteka.

Angalia hizo tarehe mbili pamoja. Mwaka 1935 Fury haikuweza kwenda Ethiopia, ati kwa sababu ya kutopendelea upande wowote. Mwaka 1940 Fury ileile ilifika mlangoni mwa Ethiopia. Ndege haikubadilika. Milima haikusogea. Caproni ni zilezile. Kilichobadilika ni nani alikuwa anapigwa.

Kwa hivyo mtu akiniambia Ethiopia ilipigwa kwa sababu Waafrika hawakuwa tayari kwa vita vya kisasa, mimi namuuliza: tayari kwa nini hasa? Ujasiri walikuwa nao. Marubani walikuwa wameanza. Ndege yao wenyewe walijenga. Hata watu wetu waliokuwa London waliona: mwaka 1935 C.L.R. James na Jomo Kenyatta walikuwa kwenye kamati ya kuitetea Ethiopia. Na wakimbizi wa Ethiopia waliovuka mpaka walifika hapa, wakawekwa kambini Isiolo, baadaye Taveta. Kilichokosekana ni kibali, bandari na muda, na vyote vitatu vilikuwa mifukoni mwa watu wengine.

Ndio maana napenda modeli za "ingekuwaje", lakini si zile za kupaka bendera ya Afrika kwenye ndege kali ndio tujisikie vizuri. Hizo naziona nyingi, na nyingi ni nzuri kwa macho. Ila ukiweka bendera bila kuuliza petroli ilitoka wapi, umewasaidia waliofunga mlango, kwa sababu umefanya ionekane kitu pekee kilichokosekana ni ndege.

Kama unataka kuanza, usianze na seti ya bei. Tafuta ndege moja ya ghorofa ya 1 kwa 72, kisu chenye makali, msasa, gundi ya plastiki, na nywele za kusuka za dada yako (muombe kwanza). Chagua nchi moja ambayo haikuwa na hiyo ndege. Halafu andika kwenye karatasi: nani aliuza, nani alilipa, ilipita bandari gani, nani aliifundisha kuruka, nani alijaza tangi. Ukikwama kwenye swali moja, usiruke. Hapo ulipokwama ndipo historia yenyewe ilipo.